Mwaka Nilipopewa Kiti

Mama Kabugho alipofariki, habari ilinifikia Jinja kwa simu, na aliyepiga ni Sauda, ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakusalimia. Alisema tu, "Zubeda, Mama ametutoka," kana kwamba tuliachana juzi sokoni, kisha akangoja nilie. Sikulia. Nilisimama katikati ya duka langu la kushonea, mkasi mkononi, nikijiuliza jambo lisilo na adabu mbele ya msiba: hao aliowatoka, na mimi nimo? Mtu akifa, waliofiwa hujulikana. Wanajijua wenyewe, na majirani wanawajua, na ndio wanaopewa pole. Mimi sikujua kama nimefiwa au nimeletewa habari tu. Nilimwambia Sauda nitakuja, nikafunga duka, nikakaa juu ya cherehani kama mtoto mtukutu, na mwaka ule mmoja wa Bwera ukanirudia wote, pamoja na harufu yake ya kitunguu na kuni mbichi.

Habari za nani alimzaa nani naziacha, hazitatusaidia. Inatosha kusema kwamba mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, kwamba kambi yetu wakati huo ilikuwa Kasese, na kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimemaliza bila alama za kumwonyesha mtu. Mtu aliyelelewa kambini ana ugonjwa mmoja: anaamini kwamba kila jambo lina saa yake ya kutangazwa. Kupandishwa cheo kunatangazwa. Adhabu inatangazwa. Uhamisho unatangazwa, na kesho yake lori liko mlangoni. Hata ugomvi wa mke na mume unatangazwa, maana ukuta wenyewe ni bati. Baba yangu, tukimwita afande kwa utani na yeye akiitikia bila utani, hakuwahi kusema sentensi yenye kona. "Kula. Lala. Umekosea. Umefanya vizuri." Nilitoka katika nyumba hiyo nikaingia nyumba ya Mama Kabugho, mahali ambapo neno "hapana" halikuwahi kusikika tangu nyumba ijengwe, na sasa nikitazama nyuma naona ingekuwa heri ningepelekwa Uchina, kwa sababu huko angalau ningejua kwamba sielewi lugha.

Wanawake wa nyumba hiyo waliitwa Mafiga. Kilikuwa kikundi cha akina mama na wasichana wa Bwera, wengi wao wake na binti za wafanyabiashara Waislamu, waliopika kwenye harusi na matanga kuanzia mpakani Mpondwe kuja huku ndani. Lakini usidhani walikuwa wapishi wa kukodiwa tu. Mwanamke wa Mafiga akijifungua, chumba chake hakikosi mtu. Akifiwa, hakuna anayeuliza nani atawasha moto. Akiolewa, anasindikizwa na dada wengi kuliko aliozaliwa nao. Na msichana asiye na ndugu mjini, akishaingia Mafiga, hupewa nafasi ya kulala kwa Mama Kabugho mpaka apate mume, au apate akili ya kuishi bila mume. Mimi niliwaona mara ya kwanza kwenye harusi moja Kasese, wamevaa kitenge cha namna moja, wanacheka huku wanageuza sufuria kubwa kwa miiko mirefu kama makasia, na nilitamani kuwa mmoja wao kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Mtoto wa kambi ana marafiki wengi na hana hata mmoja, kwa sababu wote huondoka. Hawa walionekana kama watu ambao hawaondoki.

Kuingia kulikuwa na utaratibu. Unatumika mwaka mzima, unateka maji, unamenya, unasugua sufuria kwa majivu, na Jumapili baada ya Idi unajulikana kama umepokewa. Mwaka wangu tulikuwa watatu. Sauda, binti wa dereva wa Rukoki, alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na machozi ya karibu. Biira alitoka Bugoye, mpole, mwenye mabega ya kubeba gunia la maharage bila kukunja uso. Na mimi. Tulilala chumba kimoja nyuma ya nyumba, katikati ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta, na panya waliotuzoea kiasi cha kutotukimbia. Sebuleni hatukuruhusiwa ila kufagia. Kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, vyeupe kabisa, na kwa mwaka mzima sikuona mwanamke wa Mafiga akikalia hata kimoja. Wao walikuwa watu wa uani, juu ya vigoda, magoti yametanuka, visu vinakwenda, midomo inakwenda. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Mchana bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa sombe la majani ya muhogo au samaki wa Katwe. Sijala chakula kizuri kama kile tena, na nimejaribu kukipika mwenyewe mara nyingi, kikatoka chakula cha Jinja.

Wiki ya kwanza niliharibu. Tulikuwa tunachambua mchele, wote uani, nikauliza kwa sauti yangu ya gwaride, "Mama, nikimaliza mwaka, mtanipokea?" Mikono yote ilisimama. Mama Kabugho alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye macho madogo yaliyokuwa kila mara kama yanataka kucheka. Aliinua ungo, akapepeta, akapuliza makapi, akachukua muda wake.

"Mutoto ya kambi," alisema mwishowe, "hapa kwetu batu habaulizake vile. Kitu yenye itakuya, utaiona na macho."

"Lakini Mama, kama hamtanipokea, si afadhali nijue sasa?"

"Sauda," akasema Mama Kabugho bila kunitazama, "onyesha mwenzako kisima iko wapi."

Kisima nilikuwa nakijua. Sauda alinifinya njia nzima. "Unataka kutuharibia bote? Unauliza kama polisi!" Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kutouliza, na niseme ukweli, nilijifunza kwa bidii kuliko nilivyojifunza kupika pilau. Nilijifunza kwamba "tutaona" ya Mama Kabugho huwa na maana nne, na kwamba "chai iko" si habari ya chai. Nilijifunza kungoja kama wao, mikono ikifanya kazi na uso ukiwa hauna neno. Miezi ilivyokwenda nilianza kujiona mtu wa Bwera. Nikirudi kambini kusalimia, mama yangu alilalamika kwamba nimekuwa mzito wa kujibu. "Umekula?" "Tutaona." Nusura nipigwe.

Katikati ya mwaka tukasikia uhamisho. Baba anapelekwa kambi ya upande wa Jinja, na lori litaondoka wiki inayofuata Idi. Mama yangu alinikalisha juu ya sanduku na kusema, kwa ile lugha yetu ya bati: "Wale wamama wakikuchukua, unabaki. Una watu, nitalala usingizi. Wasipokuchukua, unapanda gari. Siachi mtoto wa kike Bwera kama mbuzi bila kamba." Ilikuwa haki, na ilikuwa wazi. Tangu siku hiyo nilipoteka maji nilijua nateka nini. Kama Mafiga wangenipokea, ningebaki na dada zangu, na kazi yangu, na mji ambao nilikuwa nimeanza kuujua hata kwa harufu ya kila kichochoro. La sivyo, ningeanza upya tena, mahali pengine, na watu wengine watakaoondoka.

Ndipo nikaanza kusikiliza maneno ambayo sikuambiwa. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya jiko namenya vitunguu saumu, na Mama Kabugho alikuwa upande wa pili na mwenzake mmoja wa siku nyingi, wanatandaza mchele.

"Huyu wa kambi, mukono yake iko muzuri kwa pilau," alisema yule mwenzake.

"Iko muzuri," alikubali Mama Kabugho. "Lakini batoto ba kambi, siku moja unaamuka, gari iko kwa mulango, banaenda."

"Sasa tumukatale?"

"Miye nimesema vile?"

Wakacheka, wakaanza kusema habari ya chumvi ya Katwe iliyonyeshewa na mvua ikawa mawe. Nilibaki na kitunguu mkononi. Nimeyarudia maneno hayo kichwani katika miaka hii yote, nikiyageuza huku na huku, na mpaka leo sijui yalikuwa ya kunitaka au ya kutonitaka. Siku nyingine naamka nikiwa na hakika ya upande mmoja, na kufikia adhuhuri hakika imekwisha.

Kisha nikaungua. Kulikuwa na harusi ya tajiri mmoja wa vitenge, watu wengi, sufuria ya mafuta ya kukaangia vitunguu ikateleza kwenye figa, na mafuta yakanirukia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Nilipiga kelele za kambini. Mama Kabugho alikuja mbio, sijui mwili ule ulipata wapi mbio, akaagiza maji, akanikemea: "Macho yako iko wapi? Unataka kupika mukono yako tule?" Halafu akakaa chini, kwenye vumbi, na nguo yake ya harusi, akaushika mkono wangu ndani ya beseni la maji mpaka bwana harusi alipokwisha kuja na kuondoka na mkewe. Wengine walikuja kumuuliza habari za wali, naye akawajibu bila kuuachia. Hilo nalo nimeliweka upande mmoja wa mizani, na mizani haijakaa sawa.

Jumapili baada ya Idi ilifika siku chache baadaye. Niliamkia kuoga, nikafunga mkono kitambaa safi, na kwa kuwa tulikuwa tumelazwa nyumba ya jirani usiku huo, kama desturi inavyotaka, tulitembea sisi watatu tukafika langoni kwa Mama Kabugho pamoja. Sauda aliingia wa kwanza. Hakuna aliyemsalimia. Mwanamke mmoja alimtupia dumu: "Unaangalia nini? Maji!" Biira akafuata, naye akapigiwa kelele kwamba kuni zimelala wapi, amekuja kutembea? Nilijikaza nipokee kelele zangu. Badala yake Mama Kabugho mwenyewe alitoka, amejifunga vizuri, akanishika mkono wangu mzima kwa mikono yake miwili. "Karibu, mwanangu. Karibu sana." Akanipeleka sebuleni. Akaondoa kitambaa cheupe kwenye kiti, akakung'uta, akanikalisha.

Ningekuwa mtu wa Bwera kweli, ningejua la kufikiri. Mimi, mtoto wa kambi, nilifikiri nimepandishwa cheo. Niliwatazama wenzangu mlangoni wakipita na masufuria, Sauda jasho linamtiririka, nikawaonea huruma. Nilidhani wao ndio walioshindwa, na nilianza hata kupanga maneno ya kuwafariji. Niliposimama kuwasaidia, Mama Kabugho alinisukuma bega taratibu. "Ikala. Leo wewe ni wa kukula tu." Nikanawishwa. Nikapakuliwa wa kwanza, sahani yenye maua, maini, na bundu langu peke yangu pembeni. Wanawake waliingia mmoja mmoja kunisalimia, wakauliza habari za wazazi, wakaniambia nimekuwa mtoto mzuri. Nilipomwambia Mama Kabugho kwamba naenda Kasese kuwaaga wazazi, kwamba wanahama Ijumaa, alikunja kile kitambaa cheupe. "Enda salama," alisema. "Salimia bazazi." Wawili wakanisindikiza mpaka kituo cha magari, mmoja amebeba mfuko wangu, mwingine amebeba kifurushi cha kitenge kipya ambacho nilipewa. Hakikuwa kitenge cha Mafiga. Niliona, na nikajiambia kwamba changu ni kizuri zaidi.

Kambini nilitangaza. Ndiyo desturi yetu, nilitangaza. Mama yangu alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti, akaacha, akanikumbatia, akalia kidogo kwa sababu ananiacha na akacheka kwa sababu naachwa na watu. Majirani walikuja. Mmoja alinunua soda. Miongoni mwao alikuwa Mama Mbambu, mke wa sajini wa nyumba ya tatu, mwanamke wa Bwera kwa kuzaliwa, aliyeolewa kambini na kuzoea kelele zetu. Alinisikiliza na chupa yake mkononi.

"Walikupokea vipi?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Mikono miwili, kiti, maini, kusindikizwa. Nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kutulia, mpaka nikaanza kupunguza sauti bila kujua kwa nini.

"Na wenzako?"

"Walipigiwa kelele tu. Sauda aliosha masufuria kuanzia asubuhi."

Mama Mbambu aliweka soda chini. "Zubeda, mwanangu. Wewe si unajua wanavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mwenye wanamchukua, wanamtuma. Hawamsalimii, mtu anasalimia wa kwake kila saa? Mwenye hawamchukui, wanamfanya mgeni. Wanampa kiti, wanamlisha, wanamsindikiza. Mgeni si anaenda kwao? Hawawezi kumwambia msichana aliyewatekea maji mwaka mzima kwamba hatukutaki. Ni aibu. Sasa wanamwambia hivyo."

Nakumbuka mtu alicheka, akidhani ni utani. Mama yangu alisema, "Hapana, aliungua mkono, ndiyo maana walimkalisha." Mama Mbambu akasema labda. Akasema kweli inaweza kuwa hivyo pia, yeye hakuwepo. Aliona alichokifanya na akajaribu kukirudisha, lakini maneno si kuku, hayarudi bandani. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Kisha nikahisi hasira, kisha nikahisi upumbavu mtupu. Nilikuwa nimekula maini ya kufukuzwa kwangu na kuomba nyongeza.

Ningefanya nini? Leo watoto wangu wakisikia hadithi hii wanashangaa. "Si ungepiga simu?" Simu ya mkononi katika mtaa mzima wa Mama Kabugho ilikuwa moja, na namba yake sikuwa nayo. "Si ungerudi ukauliza?" Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaeleza. Bwera si mbali na Kasese. Magari yalikuwepo kila siku. Lakini nilikuwa nimejifunza mwaka mzima kwamba kuuliza ni kukosa adabu, na nilitaka sana, hata katika kukataliwa, waone kwamba nimeelewa. Nilitaka kuwa mtu wao angalau katika jambo hilo la mwisho. Na kama nilikuwa nimepokewa, niliwaza, basi atakuja mtu kunitafuta. Watu wa Mafiga huja Kasese kununua vitu. Nikakaa nje ya nyumba yetu siku zile zote, mkono wangu unawasha, nikitazama njia ya kuingilia kambini. Wanawake walipita na vikapu. Kila aliyevaa kitenge cha kufanana nilisimama. Usiku nilifikiri wamenikataa, asubuhi nilifikiri wameniketisha kwa ajili ya mkono tu, na mchana kutwa nilifikiri yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo sijui kichwa kinaliwezaje.

Ijumaa lori lilikuja. Baba alisimama na orodha yake ya vyombo, akanitazama juu ya masanduku. "Wewe. Unaenda ama unabaki? Sema." Lilikuwa swali safi, lenye majibu mawili, na nilimpenda kwa hilo kuliko siku zote. "Naenda, afande," nikasema. Tulipopita Hima, kwenye kiwanda cha saruji, vumbi likaingia machoni mwa kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema nani analia.

Maisha yalikuja, kama yanavyokuja. Nilijifunza kushona, nikaolewa Jinja, nikazaa, nikapata watu. Sina malalamiko makubwa. Lakini ndugu wa mume wangu wana hadithi kuhusu mimi: wanasema Zubeda ukimpa kiti anatafuta beseni. Nikialikwa harusini siwezi kukaa. Nikipokewa kwa mikono miwili natoka jasho. Siku ya kwanza kwa wakwe mama mkwe alinipigia kelele kwamba ninakata nyama vibaya, nikafurahi mpaka akaniogopa. Hawajui chanzo chake, na kwa muda mrefu sikuwaambia, maana ningewaambia nini? Kwamba nilikataliwa? Sikuwa na hakika. Mtu aliyekataliwa ana kidonda, kinapona. Mimi nilikuwa na kitu kama jino linalouma ukilisahau na kunyamaza ukilishika.

Nilifika Bwera matanga hayajaanuliwa. Lami ilikuwa nzuri, maduka yameongezeka, na uani kwa Mama Kabugho palijaa wanawake ambao sikuwajua. Sauda alinijua kabla sijashuka vizuri. Amenenepa, anatembea kama bwana mkubwa, na yeye ndiye anayeamrisha sasa. Biira yuko vilevile, mabega yake yameinama kidogo. Tulikumbatiana, tukasomewa dua, tukaenda kaburini, udongo bado mbichi. Niliomba nilichoweza kuomba. Macho yangu yalikuwa makavu na niliona haya, kwa sababu kila mtu alikuwa analia kwa haki yake, nami sikujua haki yangu ni ipi.

Alasiri tulikaa sisi watatu kwenye mkeka, ukutani, watu wamepungua. Nilijiambia nitasema habari za watoto. Badala yake mdomo ulisema wenyewe.

"Siku ile ya kiti," nikasema. "Nataka kujua. Nilikubaliwa ama nilikataliwa?"

Sauda alinigeukia kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Ulikataliwa na nani? Mukono yako ilikuwa nyama tupu! Mama alisema huyu asiguse maji, akae. Kitenge ilikuwa ya kukupa pole. Ijumaa tulitandika kitanda yako, miye na Biira. Haukukuya."

"Sauda," alisema Biira taratibu, "usidanganye mutu kwa matanga."

"Nadanganya nini?"

"Zubeda, Mama alikukatala. Miye nilikuwa naosha kwa mulango, nilisikia. Alisema huyu ni wa gari, atatuacha, tumupe heshima yake aende."

"Hiyo alisema haujaungua bado! Kisha uliungua, akabadilisha."

"Hakubadilisha. Kitanda tulitandika sababu wewe ulilia, Sauda. Ulilia tu, tukatandika."

"Miye nililia sababu huyu alichelewa!"

Walibishana hivyo juu yangu, watu wazima wawili, kila mmoja na hakika yake, kila mmoja akiapa kwa aliyelala kule chini ya udongo mbichi. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Nilimtazama mmoja, nikaamini. Nilimtazama mwingine, nikaamini. Mtu pekee aliyejua ndiye tuliyetoka kumwombea dua, na nilitambua kwamba nimesafiri njia yote ile nikiwa bado nina tumaini la kijinga kwamba atatoka, apepete ungo wake, anijibu.

Nikauliza, "Sasa kama mlinikataa, ama kama mlinitaka, kwa nini hakuja mtu? Hata mmoja? Nilikaa nje wiki nzima."

Hapo wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu tukae, walitazamana kama watu wanaokubaliana.

"Tulijua utakuya," alisema Biira.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza. Wewe mutoto ya kambi! Ulikuwa unauliza mpaka kuku. Ile jioni, kisha umeenda, batu baliongea sana. Wengine, tumuchukue, wengine, hapana. Mama alisema, mwache. Huyu wiki hii ataingia hapa, atauliza mbele ya bote, na akiuliza, nani ataweza kumwambia hapana?"

"Hiyo ni kweli," alisema Sauda. "Hiyo alisema."

"Ijumaa alikaa kwa mulango," Biira akaongeza. "Muchana yote. Akatuambia, kumbe hakutaka."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema nilitaka, nilitaka kuliko kitu chochote, kwamba nilikaa kimya kwa sababu wao ndio walionifundisha kukaa kimya na nilitaka waone nimefundishika. Sauti haikuja na maneno, ilikuja peke yake. Nililia kwa kelele za kwetu kambini, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakaacha kazi na kuja kusimama mlangoni, na kwa kuwa tulikuwa Bwera, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalia nini.